Mwenye boti na mzigo wa wizi: nani awajibike kazi zinapoibwa mtandaoni?

Kila asubuhi katika mwalo wa Kibirizi, mjini Kigoma, maboti hupakia abiria na mizigo ya kwenda vijiji vya kaskazini mwa Ziwa Tanganyika. Hupakiwa magunia, madumu ya mawese na mabunda yaliyofungwa kwa kamba. Nahodha hupokea nauli. Hafungui kila bunda kutazama kilichomo. Ikibainika baadaye kuwa bunda moja lilikuwa na mali ya wizi, hakuna mwadilifu atakayemwita nahodha mwizi. Lakini mwenye mali akiwahi mwaloni kabla boti haijaondoka, akalionyesha bunda lake na kuthibitisha kuwa ni lake, kisha nahodha akaondoka nalo kwa kuwa nauli imekwisha kulipwa, hapo hukumu hubadilika.

Mfano huu unatusaidia kulitazama swali linalosumbua mahakama nyingi duniani: je, kampuni inayotuuzia intaneti iwajibike kwa wizi wa kazi za sauti unaopita katika njia zake? Hatuingii hapa katika mjadala wa hukumu ya muziki. Qaswida, kisomo cha Qur'ani na mawaidha nazo ni kazi za watu, na huchukuliwa vilevile.

Jasho la madrasa

Tuchukulie madrasa moja ya Ujiji inayojiandaa kwa Maulidi. Walimu wanatunga, watoto wanafanya mazoezi kwa miezi, wazazi wanachanga fedha za studio kwa matumaini kwamba mauzo yatanunua misahafu na mabati. Nakala ya kwanza ikishanunuliwa, haipiti siku nyingi imeenea katika makundi ya WhatsApp, imewekwa katika tovuti, na vibanda vya kujaza flashi na memori kadi vinaiuza kwa bei ya kikombe cha chai. Wanaopata ni mwenye kibanda, mwenye tovuti na kampuni iliyouza bando. Madrasa haipati kitu.

Sheria inasemaje

Nchini mwetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na msimamizi wake ni COSOTA. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ndiyo inayogusa watoa huduma. Kifungu cha 39 hakiwalazimishi kupekua kila kinachopita kwao. Kifungu cha 40 kinamwondolea dhima anayepitisha tu, maadamu hakuanzisha yeye usafirishaji, hakumchagua mpokeaji wala hakubadili kilichomo. Anayehifadhi kazi katika mitambo yake hana kinga ya namna hiyo: akishajua kuwa ni haramu kisheria, hupaswa kuiondoa. Kifungu cha 45 kinaeleza namna mwenye haki anavyoweza kupeleka taarifa kwa maandishi. Wenzetu wa Kenya, katika marekebisho yao ya mwaka 2019, walikwenda mbali zaidi kwa kuweka muda maalumu wa kushughulikia taarifa hizo.

Huko Marekani, mwaka 2019 baraza la mahakama liliitaka kampuni ya intaneti ya Cox iwalipe wenye nyimbo dola bilioni 1, kwa hoja kwamba iliendelea kuwahudumia wateja iliokwisha kuarifiwa kuwa wanaiba. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa ilikitengua kiasi hicho.

Hapa kwetu, mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru Tigo iwalipe wasanii AY na MwanaFA zaidi ya shilingi bilioni 2 kuhusu nyimbo zao zilizotumika kama miito ya simu. Kampuni ilikata rufaa. Tunaitaja kesi hiyo kwa sababu madai yake hayakuwa juu ya mzigo wa abiria. Yalikuwa juu ya bidhaa iliyodaiwa kuuzwa na mwenye boti mwenyewe.

Mizani ya fiqhi

Mwaka 1988, Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jumuiya ya nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait, lilipitisha kwamba haki za utunzi ni mali inayolindwa na sheria ya Kiislamu, haifai kuivamia. Kuhusu dhamana, mafakihi hutofautisha mtendaji na msababishaji. Katika Majalla, mkusanyiko wa sheria wa dola ya Uthmaniya, wawili hao wakikutana hukumu humwendea mtendaji, na msababishaji hadhaminishwi ila akikusudia. Qur'ani Tukufu nayo inatufundisha kwamba nafsi haibebi dhambi ya nafsi nyingine, na katika Suratul Maida aya ya 2 inatukataza kusaidiana katika dhambi.

Kwa mizani hiyo, tunaona kampuni isibebeshwe dhambi ya kila mteja. Ikilazimishwa, itapekua kila barua: hata ujumbe wa baba aliye Bujumbura kwa mkewe aliyebaki Ujiji. Au itakata huduma ya nyumba nzima kwa kosa la kijana mmoja, na simu hiyo hiyo ndiyo inayopokea fedha za matumizi. Lakini ikishaarifiwa kwa ushahidi kuhusu kazi iliyomo katika mitambo yake, kunyamaza kwake ni kusaidia. Nayo njia ya kuarifu iwe nyepesi, kwa Kiswahili, ili mwalimu wa madrasa asihitaji wakili wa Dar es Salaam.

Simu zilizo mikononi mwetu

Wapo watakaosema elimu ya dini haiuzwi. Masheikh wengi huruhusu darsa zao zisambazwe, Allah awalipe. Lakini zawadi hutolewa na mwenye mali. Haichukuliwi kwanza ikaitwa zawadi baadaye.

Na ikiwa mtendaji ndiye wa kwanza kuulizwa, basi wa kwanza ni sisi. Jioni moja tukae na watoto, tufungue simu, tuulize: hii tuliipata wapi, na mwenyewe ameridhia? Palipo na shaka, tumtafute mwalimu tumpe haki yake, hata kama ni shilingi mia chache. Tutakuwa tumewafundisha kwamba halali haiishii katika chakula.

Allah atujaalie tuwe wenye kurejesha amana kwa wenyewe. Amin.