Kunyoosha Midomo ya Ekzosi Baada ya Kubadilisha Sailensa

Gari likifungwa sailensa isiyotoka kwa kiwanda kilicholitengeneza, kasoro ya kwanza kuonekana huwa kwenye midomo ya ekzosi. Mmoja umeinama, mwingine umegusa ukingo wa bampa, au yote miwili imesogea upande mmoja na kuacha pengo kubwa upande wa pili. Fundi mwenye haraka huivuta midomo yenyewe hadi ikae sawa machoni, kisha hukaza nati. Kazi hiyo haidumu. Mdomo ni mwisho wa bomba lenye urefu wa mita kadhaa, na mahali pake huamuliwa na kila maungio yaliyoutangulia. Ukikaa vibaya, chanzo kwa kawaida kiko mbali nao: katikati ya gari, au hata karibu na injini.

Ekzosi hufungwa imara upande mmoja tu, kwenye injini. Kuanzia hapo hadi nyuma huning'inia chini ya bodi kwa raba zilizoshika fito za chuma ziitwazo hanga. Mpango huo una sababu zake. Injini hutikisika, na bomba lililoungana nayo lazima liufuate mtikisiko huo. Vilevile chuma hurefuka kikipata moto. Bomba la chuma cha kawaida lenye urefu wa mita 2, likipanda joto kwa nyuzi 300 za Selsiasi, hurefuka kwa takribani milimita 7. La chuma kisichoshika kutu cha aina ya 304 hurefuka kwa takribani milimita 10. Midomo iliyopangwa gari likiwa baridi husogea nyuma safarini, na ekzosi iliyokazwa huku imevutwa upande hukosa nafasi ya kusogea. Mvuto huo huzila raba na kuzisumbua sehemu zilizochomelewa, na hapo ndipo nyufa huanzia.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha kwa nini kuanzia nyuma ni kupoteza muda. Maungio yaliyo mita 1.5 kabla ya mdomo yakipinda kwa nyuzi 1 tu kwenda chini, mdomo hushuka kwa takribani milimita 26. Jicho haliwezi kuuona upindo wa nyuzi 1 kwenye flanji iliyo chini ya gari, lakini milimita 26 nyuma ya bampa huonekana na kila mpita njia. Marekebisho madogo mbele humaliza kasoro kubwa nyuma, ilhali nguvu kubwa inayotumika nyuma huirudisha ekzosi palepale pindi raba zinapolegea.

Vyanzo vya kasoro ni vingi na mara nyingi hukutana kwenye gari moja. Sailensa ya bei nafuu inaweza kuwa imechomelewa hanga milimita chache nje ya mahali pake. Raba za zamani, zilizobeba uzito kwa miaka mingi, huwa zimenyooka na kupasuka. Zikibebeshwa sailensa nzito zaidi hushuka mara moja. Gasketi kuukuu ikiachwa upande mmoja wa flanji, maungio hayakai bapa. Kuna pia chanzo kinachosahaulika, nacho ni bampa lenyewe. Magari mengi ya Afrika Mashariki huingia yakiwa yametumika, na baadhi yamewahi kugongwa nyuma na kutengenezwa. Bampa lililofungwa likiwa limeinama huifanya ekzosi iliyonyooka ionekane imepinda. Ndiyo maana vipimo huanzia kwenye bodi: urefu kutoka ardhini hadi pembe mbili za bampa, kisha hadi sehemu mbili zinazolingana za chasisi. Vipimo vya chasisi vikilingana na vya bampa visilingane, bampa ndilo la kurekebishwa kwanza.

Gari husimamishwa kwenye sakafu tambarare, na ekzosi huachwa ipoe kabisa. Likiinuliwa, hukalishwa juu ya stendi imara; jeki peke yake si kitu cha kulalia chini yake. Jambo moja huwachanganya wengi wakati huu. Gari likiwa juu, magurudumu ya nyuma huning'inia na ekseli hushuka, lakini ekzosi haishuki nayo kwa sababu imeshikwa na bodi. Kwa hiyo pengo kati ya mdomo na bampa linaweza kupimwa na kuaminiwa gari likiwa juu ya stendi, ila pengo kati ya bomba na ekseli au springi lazima lipimwe upya magurudumu yakiwa yamebeba uzito.

Kazi yenyewe huanza kwa kulegeza. Nati na bolti hupigwa brashi ya waya na kunyunyiziwa mafuta ya kulegeza kutu, kisha maungio yote yaliyo nyuma ya kile kipande cha kwanza kilichoshikwa na injini hulegezwa kiasi cha kuweza kuzungushwa kwa mkono. Ekzosi huachwa ining'inie yenyewe. Inapotulia bila kulazimishwa, huonyesha waziwazi ni wapi ilikuwa imebanwa, na mara nyingi nusu ya kasoro hupotea hapo hapo. Sailensa hutegemezwa kwa jeki yenye kipande cha ubao juu yake ili uzito wake usivute bomba wakati wa kupanga.

Kupanga hufuata mkondo wa moshi, kutoka mbele kwenda nyuma. Bomba la kati huwekwa katikati ya handaki lake chini ya bodi, mbali na shafti na mabomba ya breki na mafuta. Kisha huja maungio ya kuchomeka, ambapo bomba moja huingia ndani ya jingine. Haya huamua mambo mawili kwa pamoja: mdomo utatokeza kiasi gani nyuma ya bampa, na sailensa itazungukia upande gani. Bomba linapaswa kuingia sentimita 4 hadi 5; likiingia kidogo kuliko hapo hulegea na kuvujisha moshi, hata klampu ikazwe vipi. Klampu ya umbo la herufi U hubonyeza bomba na kuacha mkunjo, na maungio yakishakunjwa hivyo hayazunguki tena. Klampu ya mkanda mpana hubana mzunguko mzima bila kuharibu bomba, hivyo inafaa zaidi kwenye kazi inayoweza kuhitaji marekebisho ya pili.

Raba hupewa uangalifu wake. Zilizochoka hubadilishwa zote kwa wakati mmoja, kwa kuwa raba mpya upande mmoja na kuukuu upande mwingine huinamisha sailensa hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Upande mmoja ukihitaji kuinuliwa kidogo, raba fupi ni suluhisho safi kuliko kupinda hanga. Raba nyingi za ekzosi hutengenezwa kwa mpira ambao huvimba na kulainika ukipakwa mafuta ya petroli au grisi, kwa hiyo wakati wa kuziingiza hutumika maji ya sabuni. Hanga ikilazimika kupindwa, hupindwa sailensa ikiwa imeshushwa na kushikwa kwenye jiliwa. Kuipinda ikiwa juu ya gari huhamishia nguvu yote kwenye ganda jembamba la sailensa, ambalo hupasuka kuzunguka shina la hanga.

Magari yenye midomo minne hudai subira zaidi. Subaru WRX iliyouzwa kati ya 2014 na 2021 ni mfano mzuri: ina sailensa mbili, moja kila upande, na kila moja ina midomo miwili. Midomo hiyo ikiwa imechomelewa kwenye sailensa, haiwezi kurekebishwa mmoja mmoja. Sailensa ikizunguka kwa nyuzi 5, na vitovu vya midomo vikiwa vimeachana kwa sentimita 10, mdomo mmoja hukaa juu ya mwenzake kwa karibu milimita 9. Marekebisho hufanyika kwenye flanji. Matundu ya bolti huwa mapana kidogo kuliko bolti zenyewe, na upana huo huruhusu mzunguko mdogo. Usipotosha, matundu yanaweza kuongezwa kwa tupa mpaka yawe marefu, mradi uso wa flanji unaokalia gasketi usiguswe. Kutia washa upande mmoja wa flanji ili kuigeuza ni njia mbaya: gasketi haibanwi sawasawa, na moshi huanza kupita upande uliobaki wazi. Upande wa kushoto ukishakamilika, wa kulia hupangwa kwa kufuata vipimo vyake, kuanzia mstari wa katikati wa bampa na kutoka ardhini. Jicho linalosimama upande mmoja hudanganyika, kwa hiyo futi ndiyo yenye neno la mwisho.

Kuzunguka kila mdomo pengo la angalau milimita 10 linahitajika, na upande wa juu liwe kubwa zaidi, kwani joto hupanda. Mabampa mengi ni ya plastiki ambayo hulainika mapema, na alama ya kuungua haiondoki kwa rangi. Mdomo haupaswi kuishia ndani ya bampa. Moshi unaotokea chini ya bodi hukwama hapo na unaweza kupenya ndani ya gari, ukiwa umebeba kaboni monoksidi, gesi inayoua isiyo na rangi wala harufu.

Midomo inayofungwa kwa klampu huzungushwa mwisho, mabomba yote yakiwa yamekwisha kukaa. Hapo ndipo ukato wa mshazari hulinganishwa kushoto na kulia. Ikiwa bomba lilitengenezwa vibaya kiasi kwamba hakuna maungio yanayoweza kulirekebisha, hubaki kulikata na kulichomelea upya. Sehemu mbili hushikizwa kwanza kwa nukta tatu au nne zikiwa juu ya gari, baada ya kutoa waya hasi wa betri, kisha sailensa hushushwa na kumaliziwa mezani, kwa sababu kwenye magari mengi tangi la mafuta halipo mbali. Nukta zinapaswa kupishana pande zinazotazamana: sehemu iliyochomelewa hujikaza inapopoa na kuvuta bomba upande wake, na bomba lililochomelewa upande mmoja mfululizo hupinda tena. Chuma kisichoshika kutu kikiunganishwa na cha kawaida, waya wa aina ya 309L ndio unaofaa.

Kukaza hufanywa kwa zamu, kila bolti kidogo kidogo, kuanzia mbele, na midomo hupimwa tena baada ya kila maungio kwa kuwa kukaza nako husogeza. Uvujaji hutafutwa injini ikiwa imewashwa tu na mabomba bado ni baridi: maji ya sabuni hupakwa kwenye kila maungio na mapovu yakionekana huonyesha njia ya moshi. Maungio yaliyo mbele ya sensa ya oksijeni huangaliwa kwa makini zaidi, kwani hewa inayoingia hapo huidanganya kompyuta ya gari na kuharibu mchanganyiko wa mafuta. Baada ya hapo gari huendeshwa kwa nusu saa, barabara yenye matuta ikiwemo, na mapengo hupimwa ekzosi ikiwa na moto. Mlio wa kugonga kwenye tuta huonyesha bomba limegusa ekseli au bodi, na maungio yaliyo mbele ya hapo hulegezwa tena. Baada ya kilomita mia kadhaa bolti hukazwa mara ya pili ekzosi ikiwa baridi, kwa kuwa gasketi mpya hujibana na kupungua unene.