Biti na Baiti: Ugeuzaji wa Vizio vya Kasi ya Uhamishaji wa Data na Tatizo la Ufupishaji wa Istilahi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili ugeuzaji wa vizio vinavyopima kasi ya uhamishaji wa data. Hoja yetu ni kwamba kosa linalojitokeza katika ugeuzaji huo aghalabu si la hesabu bali la lugha: mzungumzaji husema "mega" pekee, akaliacha jina la kitu kinachopimwa.

Tuchukulie kwamba mwongoza watalii aliyepanga chumba mjini Karatu amelipia huduma ya intaneti yenye kasi ya "mega 2". Jioni, akisharejea kutoka kreta ya Ngorongoro, anapakua faili, na simu yake inaonyesha kilobaiti 250 kwa sekunde. Akiigeuza kasi hiyo kuwa "mega", anapata 0.25, yaani sehemu moja ya nane ya alichoahidiwa. Je, amepunjwa?

2.0 Chimbuko la Istilahi

Biti ni kizio kidogo kabisa cha taarifa: ama 0 ama 1. Neno hilo lilienea kutokana na makala ya Claude Shannon ya mwaka 1948, ambamo alieleza kwamba lilipendekezwa na John Tukey. Baiti ni fungu la biti, ambalo leo huwa na biti 8. Istilahi hiyo ilibuniwa na Werner Buchholz mwaka 1956. Tahajia yake ya Kiingereza ilibadilishwa makusudi, herufi "i" ikawa "y", ili mwandishi asije akadondosha herufi ya mwisho likabaki neno lenye maana ya biti. Hivyo basi, hatari ya kuyachanganya maneno haya mawili ilitambuliwa tangu mwanzo.

3.0 Kanuni za Ugeuzaji

Ugeuzaji una hatua tatu:

(a) Jina la kizio. Kugeuza biti kuwa baiti, gawanya kwa 8. Kugeuza baiti kuwa biti, zidisha kwa 8.

(b) Kiambishi awali. Katika kasi ya mawasiliano, kilo ni 1,000, mega ni 1,000,000 na giga ni 1,000,000,000. Katika kumbukumbu za kompyuta, kilo imezoeleka pia kumaanisha 1,024. Ili kuondoa utata huo, mwaka 1998 Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme iliidhinisha viambishi kibi, mebi na gibi. Mebibaiti 1 ni baiti 1,048,576, ilhali megabaiti 1 ni baiti 1,000,000.

(c) Muda. Pande zote mbili zipimwe kwa kizio kimoja cha muda, kwa kawaida sekunde.

Tukirejea Karatu, kilobaiti 250 mara 8 ni kilobiti 2,000, yaani megabiti 2 kwa sekunde. Mwongoza watalii hakupunjwa. Hali yake ni sawa na ya mtu aliyeuziwa vibaba 8 vya mahindi, akavipima nyumbani kwa pishi akapata 2. Kipimo kimebadilika, mahindi ni yale yale.

Hata hivyo, kutojua tofauti hiyo kuna gharama. Tuseme alfajiri anataka kumtumia mgeni wake filamu yenye megabaiti 600 kabla ya kuelekea lango la Lodoare, na kasi ya kutuma nayo ni megabiti 2 kwa sekunde. Akigawanya 600 kwa 2, atatenga sekunde 300, yaani dakika 5. Hesabu sahihi ni megabiti 4,800 kugawanywa kwa 2: sekunde 2,400, yaani dakika 40, bila kuhesabu data za ziada zinazoambatana na usafirishaji.

4.0 Hitimisho

Asiyetofautisha biti na baiti hulalamika pasipo sababu, na hunyamaza penye sababu. Laiti simu ile ingeonyesha kilobaiti 125 kwa sekunde, ingekuwa megabiti 1 tu, nusu ya alicholipia. Hapo angekuwa na haki ya kuhoji. Kwa mantiki hiyo, tunapendekeza kwamba matangazo na mikataba ya huduma iandike istilahi kwa ukamilifu: "megabiti kwa sekunde" kwa kasi, na "megabaiti" kwa kiasi cha data. Aidha, watunga kamusi pamoja na Baraza la Kiswahili la Taifa hawana haja ya kubuni maneno mapya katika jambo hili. Yaliyopo yanatosha, mradi yasikatwe.