Muziki, mazutu na ziwa letu

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda mpaka likaingia ndani ya nyumba za watu hapa Kalemie. Tangu pale, ukisema mambo ya klima, hakuna tena anayecheka. Lakini ukisema hata muziki unatoa moshi, wengi watauliza: ngoma nayo inachafua hewa namna gani? Basi tuelezane.

Wimbo wenyewe hauna moshi. Moshi unatoka kwa ndeke na malori yanayobeba wanamuziki na vyombo, kwa jenereta inayowasha mabafle na taa, na kwa safari za mashabiki. Katika tamasha kubwa za Ulaya, safari hizo ndizo mara nyingi zinazozidi yote.

Coldplay wa Uingereza walisema mwaka 2019 kwamba hawazunguki tena dunia mpaka wapate njia safi. Walirudi 2022 na betri za jukwaani, na 2024 wakatangaza kwamba moshi wa kila onyesho umepungua 59% kuliko safari yao ya 2016–2017. Hesabu hiyo haiingizi safari za mashabiki. Massive Attack wakagusa hapo hapo: Agosti 2024, mjini Bristol, walipiga tamasha kwa betri, na wakaazi wa karibu wakatangulia kupata tiketi.

Na siye? Tusidanganyane. Kwa mafuta tunayochoma, Mkongomani mmoja anatoa chini ya kilo 100 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Mwingereza anapita kilo 4,000. Mzigo hauwezi kuwa sawa.

Lakini angalia mazutu. Lita moja inatoa karibu kilo 2.7. Tuseme jenereta inakunywa lita 4 kwa saa, tamasha inachukua saa 10: ni lita 40, zaidi ya kilo 100. Usiku mmoja umepita mwaka mzima wa mtu mmoja, na franga zimeungua bure, wakati kaskazini ya mji, kule Bendera, kuko umeme wa maji.

Kwa hiyo, ukiandaa tamasha, tafuta kwanza ukumbi wenye umeme. Kwa onyesho dogo, kodi betri na paneli za jua. Na msanii aombwe kusema. Akishika mikro, watu wanamsikiliza kuliko TFC zetu zilizolala bibliotekeni. Adai laini ya Bendera itunzwe, na adai nchi zilizochafua zaidi zilipe: mfuko wa hasara ulikubaliwa Misri mwaka 2022. Wale ambao maji yaliwatoa nyumbani wana haki ya kuuliza sehemu yao iko wapi.