Kompyuta ya Kazini Safarini ni Amana

Mtumishi apandapo basi la mkoani au boti ya Unguja na kompyuta ya ofisi begani, huwa amebeba amana mbili. Ya kwanza ni chombo, mali ya mwajiri. Ya pili ni taarifa zilizomo, nazo ni siri za watu: mishahara yao, maradhi yao, madeni yao. Chombo kikiibwa hununuliwa kingine. Siri ikishatoka hairudi.

Wengi wetu huridhika na nywila. Ieleweke kuwa mwizi aweza kuichomoa diski, akaipachika katika kompyuta nyingine na kusoma yote. Kinga ni kuisimba diski nzima, ili yaliyomo yasisomeke bila ufunguo.

Basi kabla ya safari tuache ofisini nakala ya kazi yetu, na tusichukue mafaili tusiyoyahitaji. Njiani mkoba usitoke mikononi mwetu. Ukipotea, tuarifu kazini saa ileile. Kunyamaza kwa kuogopa lawama ni kumpa mwizi muda.

Tanzania imetunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Hata hivyo, ajuaye kwamba ataulizwa na Mola wake juu ya amana hangoji kukumbushwa na sheria.