Kweli au si kweli: kabla watoto hawajamwona Cinderella jukwaani

Nilifundisha darasa la pili kwa miaka kadhaa, na kila nilipowapelekea wazazi barua ya kuomba ruhusa ya safari ya kwenda kutazama tamthilia ya nyimbo, majibu yalirudi na maneno yaleyale. Mengine niliyasikia kwenye chumba cha walimu. Machache nilikuwa nayaamini mimi mwenyewe, mpaka watoto waliponionyesha vingine. Nayapima hapa moja baada ya jingine, kwa kutumia ngano ambayo hupandishwa jukwaani mara nyingi mno: ile ya binti wa mekoni aliyepoteza kiatu.

"Ukiwasimulia kisa mapema, umewamalizia utamu."

Si kweli, na hili ndilo ninalolipigania kuliko yote. Mtoto aliyelelewa na bibi yake anaijua hadithi ya Sungura na Fisi neno kwa neno, na bado jioni ikifika anaiomba tena. Akisikia "Paukwa!" anaitika "Pakawa!" kwa shauku ileile ya jana. Utamu wake uko katika kulingoja jambo analolijua, na kuona safari hii msimulizi atalileta vipi.

Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa wanafunzi wa chuo hadithi fupi kadhaa kusoma. Baadhi walifichuliwa mwisho kabla ya kuanza. Hao waliofichuliwa ndio waliozifurahia zaidi, hata hadithi za upelelezi. Wasomaji wale walikuwa watu wazima. Kwa mtoto wa miaka saba, mimi naona sababu ya kumfichulia ni nzito zaidi. Tamthilia ya namna hii husimulia kwa kuimba. Watu ishirini wakiimba pamoja huku ngoma na tarumbeta zikilia, maneno humezwa, na mara nyingi maneno yenyewe ni ya Kiingereza ambacho mtoto hukisikia darasani tu. Asiyejua kisa hupoteza robo saa ya kwanza akimvuta jirani mkono: "Huyu nani? Mbona analia?" Anayekijua ametua mzigo huo. Macho yake yako huru kuona jinsi mama wa kambo anavyotembea, jinsi taa inavyogeuka kutoka njano kuwa buluu, jinsi wimbo wa huzuni wa mwanzoni unavyorudi mwishoni ukiwa wa furaha.

Kwa hiyo siku tatu kabla ya safari nilikuwa nawasimulia kisa chote, bila kitabu, nimeketi. Kila mhusika nilimpa kitu kimoja cha kumkumbukia: ufagio, kioo, taji, boga. Siku ya pili wao walinisimulia mimi. Hapo ndipo nilipojua nani ameelewa na nani amepotelea njiani. Siku ya tatu nilifungua nyimbo mbili za onyesho lenyewe nilipozipata, tukazisikiliza tukichora. Wimbo ambao sikio limekwisha kuuzoea hupokewa ukumbini kama mgeni anayejulikana.

"Cinderella ni mmoja, kila mtu anamjua."

Si kweli, na mwalimu asiyelijua hili anaweza kuaibika mbele ya watoto wake. Kiatu cha kioo, boga linalogeuka gari na panya wanaogeuka farasi ni vya Mfaransa Charles Perrault, aliyechapisha kisa hicho mwaka 1697. Kwa ndugu Grimm wa Ujerumani, ambao mkusanyo wao ulianza kutoka mwaka 1812, hakuna boga wala bibi wa miujiza. Kuna mti uliopandwa juu ya kaburi la mama, na kiatu ni cha dhahabu. Dada mmoja anajikata kidole cha mguu ili kiatu kimwingie, mwingine anajikata kisigino, na ndege ndio wanaowaumbua kwa damu inayovuja. Miaka mingi kabla ya hao wote, katika karne ya 9, Mchina Duan Chengshi aliandika habari za Ye Xian, binti aliyeteswa na mama wa kambo na kusaidiwa na mifupa ya samaki. Naye alidondosha kiatu cha dhahabu. Katika opera ya Rossini, iliyochezwa Roma mara ya kwanza mwaka 1817, miujiza haimo kabisa, na badala ya kiatu kuna bangili.

Haya yanagusa safari yako moja kwa moja, maana unapaswa kuwauliza waandaaji wanaonyesha ipi. Tamthilia ya Richard Rodgers na Oscar Hammerstein, iliyotungwa kwa ajili ya televisheni ya Marekani na kurushwa mubashara tarehe 31 Machi 1957, Julie Andrews akiwa Cinderella, ni ya upole na inamfaa mtoto wa darasa la kwanza. *Into the Woods* ya Stephen Sondheim na James Lapine, iliyofika Broadway mwaka 1987, nayo ina Cinderella ndani yake, lakini imemfuata Grimm: vidole vinakatwa, na katika sehemu ya pili watu wanakufa na ndoa zinavunjika. Ipo namna yake iliyofupishwa kwa ajili ya shule, inayoishia sehemu ya kwanza. Mwalimu aliyeona neno "ngano" kwenye tangazo akakata tiketi 60 bila kuuliza, atakuwa na maswali mengi ya kujibu ndani ya basi wakati wa kurudi.

"Hizi ni hadithi za Wazungu, mtoto wetu hatajiona humo."

Hapa nakubali nusu. Mavazi, kasri na dansi ya usiku ni ya kwao, na mtoto anastahili kuambiwa hivyo waziwazi. Lakini mifupa ya ngano hizi imo nyumbani kwetu tangu zamani. Edward Steere alichapisha mwaka 1870 hadithi alizozikusanya Zanzibar, na mojawapo, ya Sultani Darai, inamhusu fukara anayepekua jaa, akaokota kisarafu, akamnunua paa. Paa yule ana akili na maneno matamu. Anamposea bwana wake binti wa sultani na kumpatia jumba na mali. Msomaji wa Perrault atamtambua mara moja ndugu yake: paka aliyevaa buti. Tofauti ni kwamba hadithi yetu ina mwisho mchungu. Paa anaugua, tajiri mpya anamdharau hadi anakufa, na utajiri wote unayeyuka. Niliwasimulia watoto hiyo kwanza, kisha Cinderella. Msichana mmoja akauliza kwa nini yule bibi wa miujiza hakuugua. Nimelibeba swali hilo hadi leo.

Na kuhusu sura: mwaka 1997 tamthilia ileile ya Rodgers na Hammerstein ilitengenezwa upya kwa televisheni, Brandy, mwimbaji Mmarekani mweusi, akawa Cinderella, na Whitney Houston akawa bibi wa miujiza. Mfalme alikuwa mweupe, malkia alikuwa Whoopi Goldberg, na mwana wao aliigizwa na kijana mzaliwa wa Ufilipino. Watazamaji walikuwa karibu milioni 60. Onyesha darasa picha moja tu ya kundi hilo, na hutahitaji hotuba.

"Adabu ya ukumbini ni kunyamaza."

Inategemea umekwenda kutazama nini. Waingereza wana mchezo wao wa msimu wa Krismasi uitwao pantomimu, ambao Cinderella ni mmoja wa wageni wake wa kila mwaka, na humo mtoto anayenyamaza ndiye anayeharibu. Hadhira hutakiwa kumzomea mwovu, kumwonya shujaa kwamba adui yuko nyuma yake, na kubishana na waigizaji. Mtoto aliyekulia kwenye masimulizi ya kuitikia ataelewa haraka kuliko mtu mzima aliyevaa tai. Kwenye tamthilia nyingine, kelele za katikati ya wimbo zinamkata mwimbaji pumzi.

Nilichowafundisha ni jambo moja ambalo televisheni haiwezi kuwafundisha: wale walio jukwaani wanakusikia. Ukicheka, wanakungoja umalize kucheka. Ukimsemesha jirani wakati binti analia, analazimika kulia huku akikusikia. Tulifanya mazoezi darasani. Mtoto mmoja aliimba mbele huku wengine wakiongea kwa makusudi, kisha akaimba tena wakiwa wametulia, halafu akatueleza alivyojisikia mara zote mbili. Zoezi hilo la dakika kumi lilifanya kazi ambayo vitisho vyangu vya miaka miwili havikuifanya. Makofi nayo yanafundishika: wimbo ukiisha, piga. Usumbufu mkubwa, nasema kwa uchungu, hautoki kwa watoto. Ni mwanga wa simu za sisi tunaowasindikiza.

"Ukieleza siri za jukwaa, unaua maajabu."

Si kweli hata chembe. Cinderella aliyechezwa Broadway mwaka 2013 alikuwa na gauni chakavu lililogeuka la kifalme mbele ya macho ya watu, kwa sekunde chache, bila yeye kutoka jukwaani. William Ivey Long, aliyebuni maleba hayo, alipata tuzo ya Tony mwaka huohuo. Kila aliyeketi ukumbini alijua kuna hila ya kitambaa, na pumzi ziliwakatika vilevile. Mtoto anayejua kuna hila hukaza macho ili aikamate, akashindwa, na kushindwa huko ndiko maajabu yenyewe.

Tena kwa mtoto mwoga, siri ni dawa. Ukungu mzito unaotambaa sakafuni wakati wa uchawi aghalabu hutoka kwenye barafu kavu, yaani hewa ya kaboni iliyogandishwa kwenye baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri, ikitiwa maji ya moto. Nilipowaambia watoto hivyo, hakuna aliyedhani ukumbi unaungua. Giza nalo tulilizoea: tulifunga madirisha ya darasa, tukaziba mianya kwa kanga, tukahesabu hadi ishirini pamoja. Mara ya kwanza wawili walilia. Mara ya tatu walikuwa wao wanaodai tuongeze hadi hamsini.

Na akilia mtoto ukumbini pamoja na yote hayo? Mtoe nje kwa utaratibu, mpe maji, mrudishe akitaka. Hajashindwa mtihani wowote. Baadhi ya watoto, hasa wenye usonji, wanataabishwa na sauti na mwanga kupita kiasi, na kumbi kubwa zimeanza kulikubali hilo. Mwaka 2011 *The Lion King* ilikuwa tamthilia ya kwanza ya Broadway kufanya onyesho maalumu kwa ajili yao, sauti kali zikipunguzwa na mtoto akiruhusiwa kuinuka na kutembea. Uliza kama ukumbi unaoujua unaweza kufanya vivyo hivyo. Wakiulizwa mara nyingi, watafanya.

"Mapumziko yanatosha kwa choo."

Watoto 60, vyoo vinne, dakika kumi na tano. Si kweli. Waende wakifika, kabla hawajaketi.

"Filamu yake ipo, ya nini kukodi basi?"

Hili husemwa na wanaolipa, kwa hiyo lijibu kwa ushahidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Arkansas, akiwamo Jay Greene, waliwagawa wanafunzi kwa kura: wengine wakaenda kutazama *Hamlet* au *A Christmas Carol* jukwaani, wengine hawakwenda. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba waliokwenda walikijua kisa na misamiati yake vizuri kuliko hata waliokisoma au kukiona kwenye filamu, na walikuwa hodari zaidi wa kutambua hisia za mtu kwa kumtazama. Baadaye walilinganisha tena, safari hii kundi moja likitazama filamu ya kisa kilekile kwa kupangiwa, na filamu haikuleta faida hizo. Wanafunzi wale walikuwa wakubwa kuliko wangu. Lakini nimewaona wangu wakitoka ukumbini wakimwigiza mama wa kambo mpaka na pua yake iliyonyanyuliwa juu, na sijawahi kuliona hilo baada ya filamu.

"Wakirudi, waandike hadithi imewafunza nini."

Tumelelewa na swali hili sote, na ninaliheshimu, lakini Jumatatu asubuhi si wakati wake. Mtoto aliyeulizwa funzo hutoa jibu analodhani mwalimu analitaka, kuwa tuwe wavumilivu au tusiwe na wivu, kisha anafunga daftari na onyesho limefungwa humo. Nilijaribu kuuliza mambo mengine. Nani alivaa nini? Sauti gani ilikutisha? Ungekuwa wewe ndiye unayevuta pazia, ungelifunga lini? Halafu niliwapa eneo lililo chini ya mwembe na saa nzima, nikakaa mbali.

Mwaka wa mwisho waligawana kazi bila mimi. Boga lilikuwa ndoo. Kiatu cha kioo kilikuwa ndara ya kijani. Walipofika usiku wa manane, wakagundua hawana saa ya kugonga. Kengele ya shule yetu ilikuwa ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye tawi la mwembe uleule, na kijana mmoja mrefu akaokota chuma, akaipiga mara kumi na mbili, taratibu, akihesabu kwa sauti. Kufikia ya tano madarasa yote yalikuwa yameanza kumwagika nje, yakidhani ni mapumziko. Mwalimu mkuu alitoka ofisini na chaki mkononi. Cinderella hakumwona, alikuwa tayari amekwisha kutoroka kupitia nyuma ya jiko, ndara moja ikibaki kwenye mizizi, na darasa zima likiwa limeizunguka, likibishana ni nani aijaribu kwanza.