Matanga huanuliwa lini? Tofauti za mila zatatiza utambuzi wa majonzi sugu

MJANE wa Kiislamu akikaa eda ya miezi minne na siku 10, hakuna jirani anayemwona kuwa mgonjwa. Hajipambi, hajitii manukato wala hatoki nyumbani bila dharura, na mtaa mzima wajua sababu. Eda ikiisha, anaoga, anabadili mavazi na kurejea katika shughuli zake.

Lakini itakuwaje ikiwa mwaka mzima umepita tangu atoke eda, naye bado anamtengea marehemu sahani kila jioni, hataki kuonana na watu, na anasema kwamba naye alizikwa siku ile? Je, huo ni upendo, ni mila, au ni maradhi?

Swali hilo limewasumbua wataalamu wa afya ya akili kwa miaka mingi. Mnamo 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliidhinisha toleo la 11 la mwongozo wake wa kuainisha magonjwa, ambalo lilianza kutumika Januari 2022. Ndani yake, majonzi ya muda mrefu yalitajwa kwa mara ya kwanza kuwa maradhi yanayojitegemea. Machi 2022, Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani (APA) nacho kiliyaingiza katika mwongozo wake.

Kwa mujibu wa miongozo hiyo, dalili kuu ni hamu isiyokatika ya kumtaka marehemu, au fikra zinazomganda yeye tu. Mfiwa huweza pia kukataa kuamini kwamba kifo kimetokea, kukwepa kila kinachomkumbusha, kufa ganzi moyoni, au kuhisi kwamba sehemu ya nafsi yake imekwenda kaburini. Hali hiyo sharti iwe inamzuia kufanya kazi, kulea watoto au kutangamana na wengine.

Maradhi haya hutofautiana na sonona. Mwenye sonona hupoteza hamu ya karibu kila kitu na mara nyingi hujiona hana thamani. Mwenye majonzi sugu hamu anayo, tena kali, ila yote imeelekezwa kwa mtu asiyeweza kurudi.

Uchambuzi wa tafiti kadhaa uliochapishwa mwaka wa 2017 ulikadiria kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 10 waliofiwa kwa vifo visivyo vya ukatili hupatwa na hali hii. Hata hivyo, nyingi ya tafiti hizo zilifanywa nje ya Afrika.

Utata unaanzia kwenye kalenda. Mwongozo wa WHO unataka hali hiyo iwe imezidi miezi sita. Ule wa Marekani unataka miezi 12 kwa watu wazima na sita kwa watoto. Aidha, yote miwili inasisitiza kwamba majonzi hayo lazima yawe yamevuka kwa dhahiri kiwango kinachokubalika katika utamaduni na dini ya mfiwa.

Na viwango hivyo havilingani. Myahudi anayefuata dini yake hukaa matanga siku saba, lakini humwombolezea mzazi hadi miezi 12. Miongoni mwa Wabukusu, mzee maalumu huhutubia waombolezaji baada ya mazishi ya mzee mwenzake, katika hafla iitwayo khuswala kumuse, ili kuwaliwaza wafiwa na kuwarejesha katika maisha ya kawaida. Miongoni mwa Waluo, marehemu kumjia mtu ndotoni akidai mtoto apewe jina lake si dalili ya wazimu. Daktari asiyejua hayo aweza kumwandikia dawa mtu mzima wa afya.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo, nalo halina madhara madogo. Mila yaweza kugeuzwa pazia la kuficha ugonjwa. Mwanamume huambiwa ajikaze. Mjane anayelalamikia kifua na kichwa miezi nenda miezi rudi hupimwa malaria na kurudishwa nyumbani, bila yeyote kumuuliza alifiwa lini. Wengine huambiwa wamepagawa.

Isitoshe, miongozo yote miwili huhesabu muda kuanzia siku ya kifo, ilhali kwa jamii nyingi kilio hakikamiliki pasipo mazishi. Baada ya miili zaidi ya 400 kufukuliwa msituni Shakahola, Kaunti ya Kilifi, familia zilisubiri matokeo ya vipimo vya DNA, na miili ya kwanza ilikabidhiwa jamaa Machi 2024, takriban mwaka mmoja baada ya ufukuzi kuanza. Kwa kalenda ya vitabu, baadhi ya wafiwa hao tayari walikuwa wamevuka muda wa kuomboleza kabla hata ya kushika jeneza.

Nchini Rwanda, ambako wengi hawakupata miili ya jamaa zao walioangamia katika mauaji ya kimbari ya 1994, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2010 ulihusisha mayatima na wajane 400. Asilimia 8 walionekana kuwa na majonzi sugu, zaidi ya miaka 10 baada ya vifo hivyo.

Kwa sababu hiyo, utambuzi wa haki hauwezi kutegemea orodha ya dalili pekee. Tabibu anapaswa kuuliza: Je, marehemu alizikwa, na kwa taratibu gani? Kwenu matanga huanuliwa lini? Na la muhimu zaidi, je, wazee na jamaa waliofiwa pamoja na mgonjwa wanaona amepitiliza? Wanaoshiriki mila moja naye ndio wepesi wa kutambua machozi yaliyopotea njia.

Tiba ipo. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka wa 2016 lilionyesha kwamba mazungumzo maalumu ya ushauri wa majonzi, yanayofanywa katika vikao 16, huwasaidia wagonjwa wengi. Dawa ya sonona iliyojaribiwa pamoja nayo haikupunguza majonzi yenyewe, ingawa ilipunguza dalili za sonona kwa waliopata ushauri huo.

Mjane anayetenga sahani kila jioni hahitaji kuambiwa amsahau mumewe. Anahitaji mtu atakayeketi naye, amuulize habari za marehemu, kisha amuulize pia kama yeye mwenyewe amekula.