Navakholo: Miwa Yapisha Nyumba

Mwalimu au muuguzi wa Kakamega mjini leo anaweza kuishi Navakholo na kufika kazini asubuhi. Lami inaachana na barabara kuu pale Lurambi, inapita Ingotse na kuelekea Nambacha. Safari nzima ni kilomita zipatazo 20. Mjini, wanafunzi wa Masinde Muliro, chuo kikuu kamili tangu 2007, na wafanyakazi wa kaunti wanagombania nyumba za kupanga. Mwenye watoto anataka ua, kisima na nafasi ya kufuga kuku.

Muuzaji wa shamba naye anasukumwa na miwa. Zao la kwanza hukaa shambani miezi 18 au zaidi, na malipo huchelewa. Mumias, kiwanda cha sukari kilichoanza kusaga mwaka 1973, kiliwekwa chini ya mrasimu Septemba 2019. Julai 2023 viwanda vya magharibi mwa Kenya viliamriwa kusimamisha usagaji kwa kukosa miwa iliyokomaa. Mzee anayedaiwa karo ya sekondari akikata kipande cha futi 50 kwa 100, yaani kama sehemu ya nane ya ekari, akakiuza, simlaumu.

Lakini biashara hii hukwama kwenye karatasi. Mashamba mengi bado yameandikwa jina la babu aliyefariki zamani. Wajukuu wamegawana kwa mipaka ya miti, broka anaonyesha mnunuzi “ploti”, pesa zinalipwa, na hakuna hatimiliki inayoweza kutoka kabla kesi ya mirathi haijakwisha. Kesi hiyo huanzia kwa barua ya chifu inayotaja warithi wote, na kwa kawaida mahakama huthibitisha mgao miezi sita baada ya kumteua msimamizi. Binti aliyeolewa mbali naye ni mrithi. Akisahauliwa, ana haki ya kurudi kudai.

Hata jina likiwa safi, shamba la kilimo haliuzwi bila kibali cha bodi ya ardhi. Ombi hupelekwa ndani ya miezi sita tangu mapatano. Siku ya kikao muuzaji huja na mkewe, mara nyingi na watoto wakubwa pia, na wanaulizwa mbele ya wazee: mnajua baba anauza? Mmekubali? Mtabaki na shamba la kulima? Wapo wanunuzi wanaoona kikao hicho ni usumbufu. Mimi naona ndicho kinga yao kubwa kuliko wakili yeyote, kwa sababu mke akikataa pale, mnunuzi bado ana pesa zake.

Ujenzi nao unafuata mwendo huohuo wa polepole. Benki haikopeshi kwa dhamana ya ardhi isiyo na hati, hivyo wengi hukopa kwenye Sacco kwa nguvu ya mshahara na kujenga kidogokidogo: kisima kwanza, kisha vyumba viwili vya matofali ya kuchoma, familia inahamia. Fundi huitwa tena mkopo wa kwanza ukiisha kulipwa.